Mshono wa uzazi: yanayosemwa kliniki na yaliyopimwa

Kwenye benchi la kliniki ya watoto huku Nakuru huhitaji kuuliza kitu. Kaa nusu saa na mtoto mapajani, mama wa watatu atakufundisha yote, na shosho aliyekusindikiza atamsahihisha. Mengi yana hekima. Ila yanayosemwa kuhusu mshono, ule anaoshonwa mama aliyekatwa au kuchanika njia ya uzazi wakati wa kujifungua, yanahitaji kuchujwa.

"Mtoto wa kwanza lazima ukatwe." Hili si la akina mama peke yao. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa desturi katika wodi nyingi duniani, kwa imani kwamba mkato wa makasi hupona vizuri kuliko kuchanika. Imani hiyo ilipopimwa haikusimama. Huko Argentina, utafiti uliochapishwa mwaka 1993 uliwagawa wanawake 2,606 kwa bahati nasibu. Katika kundi lililofuata desturi, asilimia 83 walikatwa. Katika kundi ambalo mkunga alikata kwa sababu maalumu tu, asilimia 30. Kuchanika vibaya, hadi kwenye msuli wa njia ya haja kubwa, kulitokea kwa asilimia 1.5 ya kundi la kwanza na 1.2 ya kundi la pili. Makasi hayakuwakinga, na waliokatwa kidesturi ndio waliolalamika zaidi maumivu na vidonda kuchelewa kupona. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haishauriwi kumkata kila mama anayejifungua kwa njia ya kawaida. Mkato una kazi yake, kwa mfano mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka na inabidi atoke haraka. Na uliyekatwa kwa kifungua mimba, hujaandikiwa kukatwa kwa wa pili.

Sasa beseni. "Maji moto, chumvi ya kutosha, na kifuniko cha Dettol." Chumvi nayo ilishapimwa: Uingereza, mwaka 1988, wanawake 1,800, wengine wakaoga kwa chumvi, wengine kwa Savlon, dawa ya kuua viini, wengine kwa maji matupu. Vidonda vilipona sawasawa. Lakini wengi wao walisema kuoga kuliwatuliza, kwa hiyo shosho hakukosea kabisa: kinachotuliza ni maji. Yawe safi na ya vuguvugu, si ya kuunguza, kisha ujikaushe taratibu kwa kitambaa safi na ubadilishe pedi mara kwa mara. Dawa kali za kuua viini zinaweza kuchoma ngozi ambayo tayari ina kidonda. Siku mbili tatu za kwanza, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kumi hivi inaweza kusaidia kupunguza uvimbe.

"Usile sana, ukienda choo mshono utafumuka." Hapana. Choo kigumu ndicho kinachokusumbua, na kufunga kula hukifanya kigumu zaidi. Kula sukuma, maharagwe na paipai, unywe maji na uji. Ukiogopa, shikilia pedi safi juu ya mshono unapojisaidia.

Kuhusu nyuzi: nyingi zinazotumika siku hizi huyeyuka zenyewe. Kuona kipande kwenye pedi baada ya wiki moja au mbili si lazima mshono uwe umefunguka. Kidonda kilichofunguka huonekana kimeachana. Kikiachana, kikitoa usaha au harufu mbaya, maumivu yakizidi badala ya kupungua, ukishikwa na homa, au haja kubwa ikikuponyoka, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kliniki.

Na kuhusu kurudia tendo la ndoa, watu wanaongea juu ya wiki sita kama mlango unaofunguka kwa saa. Kwa wengi kidonda hufunga ndani ya wiki mbili hadi nne, lakini wengine huumwa zaidi ya hapo, na tendo hilo linangoja mwili wako, si kalenda ya mzee. Halafu mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi. Uliza kuhusu uzazi wa mpango mapema.

Kinachonikera mimi ni hiki: katika wiki ya sita tunampeleka mtoto, anapimwa uzito, anadungwa sindano, kitabu kinapigwa muhuri, tunaenda nyumbani. Aliyeshonwa hajaguswa. Kabla hujaondoka kliniki, mwambie muuguzi, "Nasi, nikague na mimi."