Taipisti mnampenda, mchongezi mnamchukia

Riwaya ya kijasusi niliyowapa wenzangu wa kundi letu la kusoma mwezi huu inatokea Dublin, mwaka 1920, wakati Waingereza na wapigania uhuru wa Ireland wakiwindana mitaani. Jina lake sitalitaja, maana wawili bado hawajafika mwisho na wamenionya nisiwaharibie. Nilidhani tutabishana kuhusu bastola. Tukaishia kubishana kuhusu taipisti.

Lalamiko la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja aliyekulia kwenye vitabu vya Willy Gamba. Kwake yeye, jasusi hupanda ndege, hubadili hoteli, hupiga ngumi. Sasa huyu binti kutwa yuko ofisini anagonga mashine, jioni anarudi kwao kunywa chai. "Mwalimu, huyu ni jasusi au karani wa masijala?" Nikamjibu kwamba ni vyote viwili, na hapo ndipo mwandishi alipopatia kuliko pengine popote.

Kazi yangu ni kufundisha historia ya ujasusi, kwa hiyo mniwie radhi nikijivuta kidogo hapa. Serikali ya Uingereza iliitawala Ireland kutoka Dublin Castle, na macho yake mjini yalikuwa makachero wa kitengo cha G cha polisi wa Dublin. Waliwajua wanasiasa wa upinzani kwa sura, mienendo na nyumba. Michael Collins, aliyeongoza upelelezi wa IRA, jeshi la wapigania uhuru hao, aliona kwamba uasi wa zamani ulikufa kwa sababu serikali ilikuwa na habari na waasi hawakuwa nazo. Alianza kwa kutafuta watu waliokaa karibu na karatasi.

Mmoja alikuwa Ned Broy, kachero wa kitengo hicho hicho, aliyekuwa akichapa ripoti za siri. Alichofanya ni kuongeza karatasi moja ya kaboni. Nakala rasmi zilikwenda kwa wakubwa, iliyozidi ikaenda kwa Collins. Usiku mmoja wa Aprili 1919 alimwingiza Collins mwenyewe katika kituo cha polisi cha Great Brunswick Street, akamwacha humo na mshumaa na mafaili mpaka kunakaribia kucha. Miezi michache baadaye kikosi maalumu cha Collins kilianza kuwapiga risasi makachero wa kitengo cha G mmoja mmoja.

Hapa dada mmoja aliruka: "Lakini Broy si alikufa? Nimeona kwenye filamu." Ni kweli, katika filamu ya mwaka 1996 kuhusu Collins, Broy anakamatwa na kuuawa. Broy halisi aliishi hadi mwaka 1972, na kuanzia 1933 alikuwa kamishna wa polisi wa Ireland huru. Dada yule alikasirika kidogo, kama mtu aliyelia msiba kisha akakutana na marehemu sokoni.

Turudi kwa taipisti. Mwandishi hakumtoa hewani. Lily Mernin alikuwa mchapaji katika ofisi za jeshi la Uingereza ndani ya Dublin Castle. Binamu yake, Piaras Béaslaí, alikuwa mtu wa karibu wa Collins, naye ndiye aliyewakutanisha. Collins alitambulishwa kwake kama Bwana Brennan tu. Mernin aliandikwa kwa ishara ya Lt. G, ambayo mtu yeyote akiiona atadhani ni luteni fulani mwenye sharubu. Katika ushahidi alioutoa baadaye anaeleza kwamba alipewa ufunguo wa nyumba moja huko Clonliffe Road. Ndani kulikuwa na taipureta. Alikuwa akifika, anachapa alichokikariri au kukibeba kutoka kazini, anaacha karatasi pale pale kwenye mashine, anaondoka. Nani alikuja kuzichukua hakujua. Pia alikwenda kwenye mechi na mikahawani pamoja na vijana wa Collins, akiwaonyesha: yule pale ni afisa, na yule.

Ushahidi huo, pamoja na mwingine zaidi ya elfu moja na mia saba, ulikusanywa na serikali ya Ireland kati ya 1947 na 1957, kisha ukafungiwa hadi mwaka 2003. Nadhani ndiyo maana riwaya za siku hizi kuhusu vita ile zimejaa makarani, wahudumu wa hoteli na wabeba mizigo, wakati za zamani zilijaa wanaume wenye makoti marefu. Mzee wetu wa Willy Gamba akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi huyo binti ni shujaa."

Hapo ndipo lilipokuja lalamiko la pili, nalo lilikuwa na moto. Katika riwaya ile yupo mwanamume fukara anayewauzia Waingereza jina la jirani yake. Wenzangu karibu wote walitaka afe, na alipokufa wengine walisema amekufa kirahisi mno. Wakati huo huo, kijana anayewafyatulia watu risasi wakiwa kitandani, mbele ya wake zao, walimsamehe bila kuombwa. "Kuua ni vita," mmoja alisema, "lakini kumchoma mwenzio?"

Waireland wenyewe wangeitikia hivyo hivyo. Mwaka 1798 viongozi wa United Irishmen, chama cha waasi waliotaka kujitoa kwa Uingereza, wa jimbo la Leinster walikamatwa wakiwa mkutanoni nyumbani kwa Oliver Bond, Dublin, kwa sababu mwenzao Thomas Reynolds aliwachongea. Hadithi za namna hiyo zilirithiwa vizazi na vizazi, na neno la mchongezi likawa tusi lisilofutika kwenye ukoo. Wakati wa vita vya 1919 hadi 1921 IRA waliwaua watu waliotuhumiwa uchongezi, wakaacha maiti barabarani zikiwa na karatasi: wapelelezi na wachongezi, jihadharini. Wengine walikuwa wachongezi kweli. Wengine walikuwa tu wanajeshi wastaafu, au maskini waliosimama mahali pabaya.

Ila niliwauliza wenzangu swali moja. Ukiondoa mshahara na bendera, yule taipisti na yule fukara wamefanya kitendo gani tofauti? Wote wawili wametaja majina. Wote wametoa anwani za watu waliokuwa wakiwaona kila siku, na baada ya hapo watu wenye silaha wakaenda kugonga milango. Kimya. Kisha kelele, wote kwa pamoja, kwamba sivyo hata kidogo, kwamba huyu alikuwa upande wa haki. Nami nakubali upande una uzito wake. Sitaki kuigeuza historia ya ukoloni kuwa mchezo wa sare.

Aliyetuliza chumba ni mama mmoja wa Nyeri. Yeye hakumpenda taipisti wala hakumlaani mchongezi. Alisema alipofika mahali mchongezi anapotajwa alifunga kitabu siku mbili, kwa sababu ya gakunia. Kwa wasiojua: wakati wa Mau Mau, Waingereza waliwafunika wachongezi wao magunia yenye matundu ya macho, watu wakapitishwa mbele yao mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa, umekwisha. Nairobi, katika msako mkubwa ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, maelfu walipelekwa kizuizini, wengi kwa kutikisiwa kichwa. "Nyumbani," alisema, "bado tunaishi na watoto wa magunia, na hakuna anayejua ni akina nani hasa."

Sikuwa na la kumwongezea, isipokuwa kwamba njia hizo zilisafiri. Frank Kitson, afisa aliyepambana na Mau Mau kwa kuwatumia wapiganaji waliokamatwa kama waasi bandia, alipewa brigedi ya jeshi la Uingereza huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1970, na huko nako kikaundwa kikosi cha siri cha wanajeshi waliovaa kiraia, kikiwatumia wana-IRA waliogeuzwa.

Tukamalizia na sura ya Jumapili ya tarehe 21 Novemba 1920, ambayo wote waliisifu kwa kasi yake. Asubuhi hiyo watu wa Collins waliingia nyumba na hoteli kadhaa za Dublin kwa wakati mmoja, mikononi wana anwani zilizokusanywa kwa wiki nyingi, wakawaua maafisa waliodhaniwa kuwa majasusi. Alasiri vikosi vya serikali vilifyatua risasi uwanjani Croke Park kwenye mechi ya Dublin na Tipperary. Watu 14 walipoteza maisha, akiwemo mchezaji Michael Hogan. Katika hoteli ya Gresham asubuhi ile aliuawa kapteni McCormack, daktari wa mifugo wa jeshi. Collins mwenyewe baadaye alikiri kwamba hawakuwa na ushahidi kuwa mtu huyo alikuwa jasusi.

Mzee wa Willy Gamba alikaa akigeuzageuza kurasa. "Huyo wa mifugo," akauliza, "jina lake alilichapa nani?"