Bastola ya Guka Haikutoka Burma

Picha iliingia kwenye simu yangu Jumamosi asubuhi, chai ikiwa bado moto. Bastola ya zamani imelazwa juu ya taulo kwenye meza ya kulia, na kando yake karatasi ya msasa. Kijana aliyeituma alikuwa ameandika: "Habari ya asubuhi mzee. Tumeipata kwa sanduku la guka hapa Dagoretti. Alirudi nayo kutoka Burma. Nimeanza kuitoa kutu. Inaweza kuwa ya pesa ngapi?"

Guka ni babu kwa Kikuyu. Nilimpigia kijana papo hapo. Weka msasa chini. Usiiguse tena, usijaribu kuifungua, na watoto watoke chumba hicho. Kisha piga simu kituo cha polisi, sema mmepata silaha katika mali ya marehemu, na uombe maafisa waje kuichukua. Nilimsisitizia kwamba waje wao. Kijana akipanda matatu na bastola kwenye mkoba ili aipeleke kituoni, halafu akutane na kizuizi njiani, basi ni kijana aliyepatikana na bastola. Maelezo yake yatasikilizwa baadaye, akiwa ndani.

Simu za namna hii nazipata mara nyingi kuliko mtu angedhani. Nilijifunza kushika tupa Kamukunji, miongoni mwa mafundi wa jua kali, kisha nikawa fundi wa silaha katika ghala la polisi hadi nilipostaafu. Siku hizi naitwa na mawakili, na familia zilizofiwa, na wakusanyaji wachache wenye vyeti, niwasomee rivolva za zamani. Nasema kusoma kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Bastola ya umri huo imeandikwa mwili mzima, na anayeipiga msasa anafuta maandishi. Kwa mkusanyaji, rangi ya asili iliyochakaa ina thamani kuliko chuma kinachong'aa. Na kwa polisi, bastola iliyofutika nambari ni tatizo kubwa kuliko yenye nambari.

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa ndani ya silinda inayozunguka. Samuel Colt alipata hataza yake Marekani mwaka 1836, lakini chuma ambacho historia yetu imekutana nacho sana ni cha Birmingham: Webley. Jeshi la Uingereza liliipokea Webley ya kwanza mwaka 1887, na ile maarufu zaidi, Mark VI ya kipimo cha .455, mwaka 1915. Ni nzito, zaidi ya kilo moja. Ukibonyeza kikomeo kilicho karibu na nyundo, mtutu unainama mbele kama mlango kwenye bawaba, na kinyota cha chuma katikati ya silinda kinainuka na kuyatema maganda yote sita kwa mpigo mmoja. Nimeifungua mamia ya mara na bado huniburudisha. Mtu alikaa na penseli akawaza juu ya mpanda farasi mwenye mkono mmoja tu ulio huru.

Mwaka 1932 jeshi lilihamia kipimo kidogo cha .38, kwa sababu askari mpya hujifunza haraka zaidi kwa bastola isiyomrusha mkono. Bastola rasmi ilikuwa ya Enfield, lakini Vita vya Pili vilipopamba moto kiwanda hicho hakikutosheleza, na Webley Mark IV ya .38 ikanunuliwa pia. Nyingi za wakati huo hazikupigwa rangi vizuri. Kazi ilikuwa ya haraka, na kiwandani waligonga juu yake maneno WAR FINISH ili mnunuzi ajue ni haraka ya vita.

Maneno hayo ndiyo niliyoyaona kwanza niliporuhusiwa kuitazama bastola ya Dagoretti, tukiwa kituoni, mbele ya maafisa. Afisa wa ghala alikuwa ameshaifungua. Ndani ya silinda kulikuwa na risasi mbili zilizoota kutu ya kijani. Ile karatasi ya msasa ilikuwa imepita sentimita chache kutoka kwenye hizo risasi.

Kwa hiyo ni Webley ya .38, iliyotengenezwa wakati wa vita. Guka alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, na vikosi vya Afrika Mashariki vilipigana Burma mwaka 1944, bonde la Kabaw. Mpaka hapo hadithi ya familia ilikuwa imesimama. Nikaigeuza upande ambao msasa haukuwa umefika. Kwenye mtutu palikuwa na taji dogo, na chini ya taji herufi BNP. Kando yake: .38, kisha .767, kisha 3½ TONS.

Birmingham kuna nyumba ya majaribio iliyowekwa kwa sheria mwaka 1813. Kazi yake ni kufyatua bunduki kwa baruti iliyozidishwa kabla haijauzwa kwa raia. Ikistahimili, inagongwa alama. Hiyo .767 ni urefu wa ganda la risasi kwa inchi, na zile tani tatu na nusu ni shinikizo ambalo bastola imethibitishwa kulibeba kwa kila inchi ya mraba. Alama ya BNP chini ya taji ilianza mwaka 1954. Kabla ya hapo nyumba ile ilitumia alama nyingine. Maana yake ni kwamba bastola hii ilitoka kwenye ghala la jeshi ikauzwa kwa raia mwaka 1954 au baadaye. Askari aliyeshuka melini Mombasa baada ya vita hakuwa nayo.

Sikuwaambia wenyewe hapo hapo. Kila ninaposhika Webley ya .38 namkumbuka Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, na siku hiyo nilihitaji kutembea kidogo. Sanamu yake pale katikati ya jiji, kwenye barabara yenye jina lake, imeshika bunduki ndefu mkono wa kulia na jambia mkono wa kushoto. Wapita njia wengi hawajui kwamba kesi yake ilihusu bastola. Alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, na mashtaka yaliyompeleka kitanzini hayakuwa ya kuua mtu. Yalikuwa ya kupatikana na Webley Scott ya .38 na risasi sita. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Chini ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa na wakoloni mwaka 1952, zaidi ya Wakenya 1,000 walinyongwa, na wengi wao si kwa mauaji bali kwa makosa kama kupatikana na silaha au risasi, au kuandamana na waliokuwa nazo. Miaka hiyo hiyo walowezi walikula chakula cha jioni bastola ikiwa kando ya sahani. Wapiganaji wa msituni, kwa kukosa, waliunda bunduki zao kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na mpira wa tairi ukawa springi. Nikiwa kijana mwenye tupa Kamukunji, wazee walinionyesha jinsi komeo linavyogeuka kuwa mtambo wa bunduki. Walinionyesha kwa maneno tu, na kwa sauti ya chini, ingawa Uhuru ulikuwa umeshakuja.

Ndiyo maana mjadala wa kumiliki bunduki ukifanywa Nairobi kwa hoja za Marekani huwa naona tunazungumzia nyumba ya jirani. Wao wana kifungu cha katiba cha mwaka 1791, na mwaka 2008 mahakama yao ya juu iliamua kwamba raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho. Sheria yetu ya bunduki ina mizizi katika miaka ya Hali ya Hatari, na inamtaka mwombaji aonyeshe sababu ya kutosha, na kwamba akipewa silaha hatahatarisha usalama wa watu. Bodi ya leseni za bunduki inaweza kusema hapana. Disemba 2018 wenye vyeti wote waliambiwa wapigwe msasa upya ndani ya siku 90, na wakusanyaji ninaowafahamu walipanga foleni kama wengine.

Wiki iliyofuata nilialikwa Dagoretti, chai na mandazi, na familia yote ilikuwa sebuleni. Mjomba wa yule kijana alikuwa kwenye simu kutoka Houston, amesimamishwa kwenye chupa ya chai ili atuone. Alisema kule kwake kitu cha babu hubaki ndani ya ukoo, na bastola ya kale haisumbui mtu. Nilimweleza kwamba hata sheria ya taifa lake imechora mstari: ya kale ni iliyotengenezwa kabla ya kumalizika kwa mwaka 1898. Hii ilitengenezwa zaidi ya miaka arobaini baadaye.

Shangazi ni muuguzi. Alisema ameshika kwa mikono yake matundu ambayo risasi huacha, na kwamba kitu hicho kiyeyushwe leo, kiwe ufunguo wa spana. Hakuongeza neno, na hakuna aliyembishia.

Kijana ndiye aliyekuwa na hoja nzito, na nilimsikiliza kwa heshima. Ameporwa mara mbili usiku. Akanikumbusha shambulio la jumba la maduka la Westgate, Septemba 21, 2013, watu 67 waliuawa, na raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia kuwatoa watu. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote apunguze ujasiri ule. Lakini wale waliingia na silaha walizozifahamu, baada ya miaka ya kulenga shabaha uwanjani. Bastola yenye risasi zilizolala sandukuni miaka sitini ni jambo jingine. Baruti iliyozeeka inaweza kukataa, au ikachelewa kidogo kisha ikalipuka wakati mwenye nayo ameshaigeuza aitazame.

Kuna mkusanyaji mmoja huko Karen, mteja wangu wa siku nyingi, mtu muungwana mwenye vyeti vyote, anayetaka Kenya nayo ichore mstari wa umri: bastola ikishapita miaka fulani ihesabiwe kuwa pambo. Tumebishana juu ya hilo zaidi ya mara moja, na msimamo wangu haujabadilika. Sheria yetu inatazama kama kitu kinaweza kutoa risasi, au kinaweza kurekebishwa kitoe. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za raia mwaka 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane, lakini ikaziachia rivolva za kale ambazo risasi zake zilidhaniwa zimetoweka sokoni. Wahalifu wakazitafuta hizo hizo na kujitengenezea risasi. Mwaka 2021 serikali ililazimika kuviondoa vipimo saba kwenye orodha ya vitu vya kale, ikiwamo .44 Russian na .41 Colt. Kama ilitokea huko, kwenye daftari na kompyuta za kila aina, itatokea hapa kwa wepesi zaidi.

Ninapokubaliana na mteja wangu ni kwenye moto. Mwaka 2016 silaha 5,250 zilichomwa Ngong, na mwaka 2021 nyingine 5,144. Kuziondoa mtaani ni jambo jema; ndani ya malundo yale kulikuwa na bunduki zilizopora ng'ombe na kuua wachungaji. Ila huwa nawaza ni ngapi kati yake zilikuwa na alama za kusomwa, na kama kuna aliyezisoma. Picha mbili na mistari mitano ya maandishi kwa kila silaha ya zamani kabla haijachomwa, hiyo ndiyo ninayoiomba, na nimeiomba kwa barua. Ile ya pekee iende makumbusho, ikiwa imezibwa isifyatue kamwe. Mimi mwenyewe sina bastola nyumbani. Nina mikoba ya ngozi yenye mshale wa serikali ya Uingereza, orodha za viwanda za miaka ya ishirini, na madaftari manane ya alama nilizonakili kwa mkono. Mtu akiniuliza kama huo nao ni ukusanyaji wa bastola, namwonyesha madaftari.

Cucu, mjane wa Guka, alikuwa kwenye kiti cha kona muda wote huo, shali mabegani, kimya. Umri wake umepita miaka tisini. Nilimgeukia nikaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo huenda lisipendeze. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaeleza habari ya taji na herufi tatu, na ule mwaka 1954.

"Burma alienda," alisema baada ya kitambo. "Hilo msimwondolee. Lakini hiyo haikutoka Burma. Ilikuwa ya yule bwana wa Limuru, Guka wenu alikuwa dereva wake. Alipouza shamba kurudi kwao alimwachia. Nilikuwa nikiijua. Huyo bwana alikuwa anaiweka juu ya meza, na sisi tumefungiwa kijijini, tumezungukwa na mtaro wenye miti iliyochongwa. Guka wenu aliona haya kuwaambia watoto ilikotoka."

Kwenye simu, Houston haikusema kitu. Shangazi aliondoka akamshika Cucu mkono.

Bastola yenyewe imebaki mikononi mwa serikali, na hakuna aliyeitaka irudi. Cucu aliomba kitu kimoja, nimwandikie nambari yake na alama zote, kwa herufi kubwa. Nikaziandika kwenye karatasi safi. Kijana alikuwa ameleta bahasha yenye cheti cha Guka cha kuachishwa jeshi, na juu yake alikuwa ameshaandika "Bastola ya Burma". Cucu akamtaka afute, aandike Limuru. Kisha akamwambia ile karatasi ya jeshi aiweke kwenye bahasha yake peke yake.