Jiwe la Figo Huvunjwa Mezani, Hutolewa Nyumbani

Wagonjwa wengi wanaofika kliniki yetu ya njia ya mkojo hapa Mombasa huwa wameshahangaika sana kabla ya kutufikia. Maumivu yaliyoanza ubavuni upande wa nyuma na kushuka hadi kinenani wameyaita chango, au mshipa. Wamekunywa mitishamba, wamekandwa kiuno, wengine wamemeza dawa za malaria. Picha ya ultrasaundi inapoonyesha kijiwe ndani ya figo, swali la kwanza huwa ni iwapo watapasuliwa. La pili, hasa kwa mwenye jamaa aliyewahi kutibiwa, huhusu “ile mashine ya kuyeyusha mawe”. Mashine ipo, na tiba yake ni nzuri kwa anayeistahili, ila haiyeyushi kitu. Nasisitiza hilo kwa sababu anayeamini kuwa jiwe limeyeyuka hurudi nyumbani akidhani matibabu yamekwisha, ilhali sehemu iliyobaki ni yake mwenyewe.

Tiba yenyewe huitwa tiba ya mawimbi ya mshtuko. Anayesimama ufuoni Nyali maji yakijaa huona namna wimbi linavyopita kwenye kina bila kelele, likaja kupasuka pale tu linapogonga mwamba. Mawimbi ya mashine hufanana na hayo kwa kiasi fulani. Nyama ya mwili, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, huyapitisha bila kudhurika sana. Yanapofika kwenye jiwe, ambalo ni gumu na zito kuliko kilicholizunguka, hulibana, hulivuta, na kuzusha mapovu madogo yanayopasuka kwa nguvu juu ya uso wake. Pigo moja halifanyi kitu. Mapigo elfu mbili au tatu yaliyoelekezwa mahali pamoja hulitia jiwe nyufa hadi likawa changarawe.

Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivi mjini Munich, Ujerumani, tarehe 7 Februari 1980, chini ya daktari Christian Chaussy. Chanzo cha wazo hilo kilikuwa mbali na hospitali: wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege ziendazo kasi kuliko sauti. Mashine za mwanzo zilimlazimu mgonjwa kuzamishwa ndani ya beseni kubwa la maji. Siku hizi hulala juu ya meza, na ubavuni huwekwa mto laini uliojaa maji, uliopakwa jeli. Jeli hiyo watu huidharau, lakini povu la hewa likibaki kati ya mto na ngozi, mawimbi hurudi nyuma na nguvu kupotea, kwa hiyo mtaalamu akichukua muda kuipaka na kuipapasa asiharakishwe.

Baada ya mgonjwa kupewa dawa ya kutuliza maumivu, jiwe hutafutwa kwa eksirei au ultrasaundi, kisha mapigo huanza kwa nguvu ndogo na kuongezwa polepole. Chumbani husikika tak, tak, tak, kama fundi anayegonga msumari kwa subira, na mgonjwa huhisi kama anadonolewa ubavuni. Wapo wanaoomba mashine iongezwe kasi ili wawahi feri ya Likoni. Tunakataa. Mapigo 60 hadi 90 kwa dakika huvunja jiwe vizuri zaidi kuliko mapigo ya haraka, kwa sababu mapovu yaliyoachwa na pigo moja yanahitaji muda wa kutoweka kabla pigo jingine halijafika. Kazi yote huchukua muda unaokaribia saa moja, na walio wengi hurudi kwao siku hiyo hiyo.

Si kila jiwe linafaa. Lililo dogo kuliko milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, na lililozidi sentimita 2 huacha vifusi vingi mno, hivyo njia nyingine huwa bora, kama ile ya kupitisha kifaa chembamba kwa kitundu kidogo mgongoni. Jiwe lililo sehemu ya chini ya figo laweza kuvunjika vizuri na vipande vyake visitoke, kwa kuwa vinapaswa kupanda kabla ya kushuka. Yako pia mawe magumu kupita kiasi, na CT skani hutusaidia kukisia ugumu huo mapema. Mwili mnene huliweka jiwe mbali na mashine. Jiwe la asidi ya uriki, ambalo kwa kawaida halionekani kwenye eksirei, ndilo pekee ninaloweza kusema kwamba dawa za kumeza hulimumunyisha, na mwenye nalo huenda asihitaji mashine kabisa.

Mjamzito hafanyiwi tiba hii. Vilevile hafanyiwi mwenye tatizo la damu kutoganda, wala mwenye maambukizi ya mkojo ambayo hayajatibiwa, wala yule ambaye njia ya mkojo imeziba chini ya jiwe. Anayetumia aspirini au warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda, amwambie daktari siku anayopangiwa, si asubuhi ya matibabu, tena asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, maana huenda zinaulinda moyo wake. Presha nayo ishushwe kwanza, kwa kuwa damu inaweza kuvilia kando ya figo. Ni nadra, lakini hutokea.

Nyumbani ndiko jiwe linakotolewa. Mkojo mwekundu kwa siku moja mbili ni jambo la kutarajiwa, pamoja na alama ya kuvilia kwenye ngozi na maumivu ya hapa na pale vipande vinapopita. Mgonjwa anywe maji hadi mkojo wake uwe mweupe, takriban lita mbili na nusu za mkojo kwa siku, na wakati wa kaskazi, ambapo jasho huchukua sehemu kubwa ya maji hayo, anywe zaidi. Madereva wa tuktuk huniambia wazi kwamba hawanywi maji kwa kuwa hawana pa kwenda haja kutwa nzima. Nawaelewa, lakini figo zao hazina habari na hilo. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hulaumiwa sana hapa Pwani, ilhali kosa kubwa zaidi ninaloliona ni uchache wa maji yenyewe, pamoja na chumvi ya achari na ng'onda. Maziwa hayana hatia, na kuyaacha huweza hata kuongeza vijiwe. Aliyewahi kuugua azungumze na daktari kabla ya Ramadhani, na anapofunga anywe kidogo kidogo tangu futari hadi daku.

Wakati mwingine vipande hupangana foleni ndani ya mrija unaotoka kwenye figo na kuuziba. Homa yenye kutetemeka, maumivu yasiyotulizwa na dawa, au mkojo kukatika, ni mambo ya kukimbilia hospitali usiku huo huo, kwa sababu figo iliyoziba na kuingia maambukizi huweza kuua.

Kila mgonjwa namwagiza ajitafutie chujio la chai lisilotumika tena jikoni, akojolee humo kwa wiki mbili za mwanzo, na punje atakazozipata, hata zikiwa mfano wa mchanga wa rangi ya kahawa, azikaushe na kuzitia kwenye kichupa. Baada ya wiki chache tutapiga picha kuona kilichobaki na kama kuna haja ya kurudia. Kichupa hicho kije siku hiyo, kwani maabara ikijua jiwe limeumbwa na nini, ndipo tunapoweza kumwambia mwenyewe apunguze chakula gani.