Bweni Lililojaa Kupita Kiasi Halina Mpango wa Usalama

Tangu Wizara ya Elimu ya Kenya ilipoamuru shule 348 zisitishe huduma za malazi mwishoni mwa 2024, wazazi wengi wamebaki na swali moja: shule yetu ilikuwa na vyeti vyote, mbona bweni likafungwa? Ni swali la haki.

Cheti kinaonyesha hali ya shule siku ilipokaguliwa. Baadaye wazazi huomba nafasi, mwalimu mkuu akashindwa kuwakatalia, na bweni la watoto 40 likaishia kulaza 80. Masanduku yakikosa pa kuwekwa, hupangwa mbele ya mlango wa dharura. Mpango wa usalama usiopitiwa upya baada ya mabadiliko kama hayo unaeleza shule ambayo haipo tena. Ndiyo maana sisi wakaguzi tunazitaka shule ziupitie kila muhula, na tena wakati wowote idadi ya wanafunzi inapoongezeka au jengo linapofanyiwa mabadiliko.

Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni wa 2008 unataka nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya kupitia yenye upana wa angalau mita 2. Tuchukue bweni la urefu wa mita 21, lenye safu moja ya vitanda vya ghorofa kila upande. Kitanda cha sentimita 90, pamoja na nafasi yake, kinachukua mita 2.1. Kila upande utapata vitanda 10, yaani watoto 40 kwa jumla. Ukiwaingiza 80 humo humo, nafasi kati ya vitanda inabaki sentimita 15. Hapo mtoto hapiti, hata akijipinda ubavu. Tunapomwambia mwalimu mkuu apunguze idadi, tunakuwa tumeshapiga hesabu hii, na hakuna mazungumzo yanayoweza kuibadilisha.

Jambo linalotuchosha kuliko yote ni vyuma vya madirishani. Mwongozo uko wazi: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa urahisi. Milango iwe na upana usiopungua futi 5, ifunguke kwa nje, mmoja kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati. Isifungwe kwa nje hata kidogo watoto wakiwa ndani. Hata hivyo, baadhi ya wazazi, hasa wenye mabinti, bado hushinikiza bodi za shule zirudishe vyuma na makufuli kwa hofu ya wezi na wavamizi. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini katika shule ya Bombolulu, Kwale, Machi 1998, zaidi ya wasichana 20 walikufa katika bweni lenye vyuma madirishani. Katika shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Nchi iliyozika watoto hao haipaswi kuendelea kubishana kuhusu jambo hili. Mwizi huzuiwa na ua, taa za nje, mlinzi aliye macho, na matroni anayelala karibu. Kufuli lina kazi yake mchana, bweni likiwa tupu na watoto wakiwa darasani au uwanjani, funguo zikiwa kwa mwalimu wa bweni. Shule nyingi hufanya kinyume kabisa.

Mtungi wa kuzimia moto ni lazima uwepo, lakini peke yake haumwokoi mtu. Kinachookoa ni daftari la majina na hesabu ya kila jioni. Moto wa shule ya Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21 Septemba 2024. Siku iliyofuata watoto wengi hawakujulikana walipo, kwa kuwa baadhi walikuwa wamechukuliwa na wazazi na wengine wamehifadhiwa na majirani. Wazima moto wanapofika, lazima mtu awaambie mara moja ni wangapi walilala humo usiku huo.

Shule pia ni mahali pa kazi. Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za 2007 zinataka ukaguzi wa moto unaofanywa na mkaguzi aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12, na zoezi la kujiokoa katika kipindi hicho hicho. Sisi tunashauri zoezi lifanyike kila muhula, tena usiku. Kupangwa mistari uwanjani saa nne asubuhi hakumfundishi mtoto kuutafuta mlango gizani.

Kuhusu utaratibu, kuna mengi yanayosemwa kimakosa. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, afisa wa ubora na viwango anaweza kuingia shuleni kwa notisi au bila notisi. Ataomba daftari za wanafunzi na kumbukumbu nyingine, atakagua majengo, kisha ataandika ripoti, na kasoro zitafikishwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Sheria inamruhusu kusimamisha shughuli kwa muda maalumu hadi viwango vya msingi vitimizwe. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi hukata rufaa kwa jopo la rufaa za elimu. Kumpigia mbunge simu hakusimamishi agizo. Na wanafunzi waelezwe kwamba kuchoma jengo ni kosa ambalo adhabu yake ya juu kwa mtu mzima ni kifungo cha maisha, na kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mtoto kushtakiwa kuanzia umri wa miaka 12. Wazazi wengi wanadhani mwanafunzi hashtakiwi.

Mzazi anayemtembelea mtoto aombe kuonyeshwa mpango wa usalama na tarehe ulipopitiwa mara ya mwisho. Aulize idadi ya watoto wanaolala katika bweni la mwanawe, kisha aende kwenye ule mlango wa dharura na kuusukuma. Mwalimu mkuu hana sababu ya kuyakataa hayo. Mlango usipofunguka, mwambie yeye kwanza. Asipouona uzito wa jambo hilo, andikia ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ukitaja jina la bweni, tarehe na ulichokiona. Andika, maana malalamiko ya mdomo hatuwezi kuyaambatisha kwenye ripoti.