Sauti ya Ella Fitzgerald katika Makabati ya Makumbusho

Mpiga tarumbeta huacha tarumbeta. Ile ya Louis Armstrong iliyotengenezwa na Selmer mwaka 1946 imehifadhiwa Washington, katika makumbusho ya Smithsonian ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, na anayeitazama hahitaji kuelezwa mengi. Mwimbaji hana kitu cha namna hiyo, kwa kuwa ala yake ni koo. Kwa sisi tunaohifadhi vitu vya makumbusho, hilo ndilo tatizo la Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani aliyezaliwa Newport News, Virginia, mwaka 1917 na kufariki Beverly Hills mwaka 1996: tunachoweza kutunza ni vitu vilivyoizunguka sauti yake.

Vitu hivyo havikuwekwa mahali pamoja. Picha, nyaraka na rekodi nyingi zimo katika National Museum of American History mjini Washington. Mipangilio ya muziki aliyoimbia, yaani karatasi za noti zinazoielekeza bendi icheze nini, ilikwenda Library of Congress, na vitabu vyake vya mapishi, zaidi ya 300, vilipelekwa Schlesinger Library ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mtafiti analazimika kusafiri, lakini nauona mgawanyo huu kuwa wa busara, maana kila taasisi ilipokea kile inachokijua vizuri. Vitabu vya mapishi ndivyo vinavyopuuzwa zaidi, ingawa vinatuonyesha mapendeleo ya nyumbani ya mwanamke aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake safarini, jambo ambalo picha za jukwaani haziwezi kulisema.

Mavazi huvuta watu kuliko vyote, nayo ndiyo yanayotuhangaisha. Mwanga hufifisha rangi za nguo, na rangi iliyopotea hairudishwi. Kwa hiyo kiwango kinachokubalika kwa vitambaa ni takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), ndiyo sababu wageni hulalamika kwamba vyumba vyetu vina giza. Gauni lililotariziwa shanga nzito likitundikwa muda mrefu huchanika mabegani kwa uzito wake lenyewe, hivyo hulazwa katika sanduku lenye karatasi isiyo na asidi, na hutolewa kwa maonyesho ya muda tu.

Hata hivyo, vilivyo karibu zaidi na sauti ni karatasi za mipangilio. Kati ya 1956 na 1964 Ella alirekodi, chini ya usimamizi wa mtayarishaji Norman Granz, mfululizo wa albamu za watunzi wakubwa wa Marekani, kuanzia Cole Porter hadi Johnny Mercer. Mipangilio ya nyimbo za ndugu wawili Gershwin, iliyotoka 1959, ilikuwa kazi ya Nelson Riddle. Katika karatasi za aina hii anayejua kusoma noti huona ufunguo wa muziki, yaani kimo cha noti, uliochaguliwa ili uafikiane na sauti ya mwimbaji, na mahali ambapo bendi nzima inanyamaza ili asikike peke yake.

Lakini karatasi nazo zina ukomo. Tarehe 13 Februari 1960, mjini Berlin, Ella alisahau maneno ya “Mack the Knife” katikati ya wimbo, akatunga mengine papo hapo, akamtaja Bobby Darin, mwimbaji aliyeuvumisha wimbo huo, kisha akaiga sauti ya mkwaruzo ya Armstrong, bila kupoteza mapigo hata mara moja. Rekodi ya usiku ule ilimpatia tuzo mbili za muziki za Grammy. Hakuna noti iliyoandikwa ambayo ingetuambia hayo. Ni kanda tu. Nazo kanda za sumaku za zamani zilizotengenezwa kwa asetati huoza polepole, zikatoa harufu ya siki na kujikunja, kwa hiyo kuzinakili kidijitali ni kazi isiyongoja bajeti ya mwaka ujao.

Ningepewa chumba kimoja cha maonyesho, ningeweka ukurasa wa mpangilio kando ya hedifoni, ili mgeni afuate kwa kidole kilichoandikwa huku akisikia pale Ella alipokiacha. Tuzo zake 13 za Grammy ningezipanga ukuta wa nyuma.