Mtume na karama za Roho: maana na kazi yake katika huduma ya Kikristo

Karama ni uwezo ambao Roho Mtakatifu humpa mwamini ili awahudumie wengine. Mtume ni mtu aliyetumwa, mwenye mamlaka ya yule aliyemtuma, aende kupeleka ujumbe na kuweka msingi wa kanisa. Mambo haya mawili yanagusana, kwa kuwa mitume wanatajwa pamoja na karama katika 1 Wakorintho 12:28 na Waefeso 4:11. Lakini si kitu kimoja, na vurugu nyingi makanisani huanzia hapo. Mtu anaonekana ana karama ya kuponya au kutabiri, watu wanaanza kumwita mtume, na baada ya muda yeye ndiye msemaji wa mwisho juu ya fedha, ndoa na kazi za waumini. Karama aliyonayo huenda ni ya kweli. Mamlaka anayoyatumia hakuna aliyempa.

Agano Jipya linawaita mitume watu wa namna mbalimbali. Wa kwanza ni Thenashara, yaani wale wanafunzi kumi na wawili wa Yesu. Kwa mujibu wa Marko 3:14-15, Yesu aliwaweka wawe pamoja naye, kisha awatume kuhubiri na kutoa pepo. Kukaa naye kulitangulia kutumwa. Nafasi ya Yuda ilipobaki wazi, Petro alitaja masharti waziwazi: awe alifuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi siku Yesu alipochukuliwa juu, na awe shahidi wa ufufuo (Matendo 1:21-22). Wakasimamishwa wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya, kura ikamwangukia Mathiya. Lakini Herode alipomuua Yakobo ndugu yake Yohana (Matendo 12:2), hatusomi popote kwamba alitafutwa wa kuchukua nafasi yake. Yuda aliiacha nafasi kwa kuasi, Yakobo alikufa akiwa mtume. Kwa hiyo kiti cha Thenashara hakikuwa cheo cha kurithiwa kila anayekikalia anapofariki.

Paulo ana nafasi ya peke yake. Alimwona Bwana aliyefufuka, naye anajihesabu kuwa wa mwisho kutokewa (1 Wakorintho 15:8). Zaidi ya hao, jina hilo linapanuka. Barnaba anaitwa mtume katika Matendo 14:14. Epafrodito ni mtume wa kanisa la Filipi kwa kuwa ndiye aliyempelekea Paulo msaada wao (Wafilipi 2:25), na ndugu waliosindikiza mchango kwenda Yerusalemu wanaitwa mitume wa makanisa (2 Wakorintho 8:23).

Ndiyo maana swali la kama leo kuna mitume halijibiki mpaka useme unamaanisha mitume wa namna gani. Mashuhuda wa ufufuo ambao kanisa limejengwa juu ya msingi wao (Waefeso 2:20) hawapo tena, na hakuna anayeweza kuongeza neno lenye uzito wa Maandiko. Watu wanaotumwa na kanisa kupeleka Injili pasipofika na kuanzisha makanisa wapo, na tunahitaji wengi zaidi. Wakatoliki, Waorthodoksi na Waanglikana husema huduma ya mitume inaendelea kupitia maaskofu waliowekewa mikono kizazi hadi kizazi. Makanisa mengi ya mapokeo ya Matengenezo, yaani ya Kiprotestanti yaliyotokana na mageuzi ya karne ya 16, husema ofisi hiyo ilikoma na kizazi cha kwanza. Wapentekoste wengi huhesabu huduma tano za Waefeso 4:11 (mitume, manabii, wainjilisti, wachungaji na walimu) kuwa hai hadi leo.

Jaribio moja la kuirudisha ile idadi ya kumi na wawili linafaa kukumbukwa. Mwaka 1835, nchini Uingereza, kundi lililojiita Kanisa Katoliki la Kimitume, lisilohusiana na Roma, liliwatenga watu 12 kuwa mitume. Kanuni yao ilikuwa kwamba mtume peke yake ndiye chanzo cha kuwekwa wakfu kwa wahudumu. Mtume wa mwisho alifariki mwaka 1901. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuwekwa wakfu, na makasisi waliobaki wakaisha mmoja mmoja.

Kazi ya mtume unaiona vizuri zaidi ukifuata nyayo za Paulo. Alikusudia kuhubiri pale ambapo Kristo hajatajwa, asijenge juu ya msingi wa mwingine (Warumi 15:20). Thesalonike alihojiana na watu katika sinagogi kwa sabato tatu. Korintho alikaa mwaka mmoja na nusu, na Efeso anahesabu miaka mitatu. Kila mahali lengo lilikuwa kuacha wenyeji wanaoweza kusimama: aliweka wazee katika kila kanisa (Matendo 14:23), na Tito akaachwa Krete amalize kazi hiyo mji kwa mji (Tito 1:5). Alipomaliza safari ya kwanza alirudi Antiokia, kwa kanisa lililomtuma, akatoa taarifa. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema ni kweli, nao wanasifiwa kwa hilo (Matendo 17:11). Petro naye alikemewa mbele ya wote huko Antiokia (Wagalatia 2:11-14). Mtume asiyehojiwa hatumkuti katika Agano Jipya.

Tukija kwenye karama, 1 Wakorintho 12:8-10 inataja tisa: neno la hekima, neno la maarifa, imani, kuponya, miujiza, unabii, kupambanua roho, aina za lugha na tafsiri za lugha. Warumi 12:6-8 ina saba, zikiwemo kufundisha, kukirimu, kusimamia na kurehemu. Petro anazigawa mafungu mawili tu, kunena na kuhudumu (1 Petro 4:11). Orodha hizi hazilingani, na hakuna hata moja inayodai kuwa kamili. Kinachozifunga pamoja ni kusudi: kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho “kwa kufaidiana”. Kanisa lenye manabii kumi na asiyekuwepo hata mmoja wa kuwatembelea wagonjwa limepungukiwa karama, hata kama ibada zake zinatikisa paa.

Korintho hawakupungukiwa karama. Walipungukiwa utaratibu, na 1 Wakorintho 14 iliandikwa kurekebisha hilo. Kwa wanaonena kwa lugha katika mkutano, sheria ni hii: wawili, au wakizidi sana watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwepo wa kufasiri, mnenaji anyamaze kanisani, aseme na nafsi yake na Mungu. Kwa manabii: wanene wawili au watatu, wengine wapambanue, na mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza anyamaze. Anayesema hakuweza kujizuia kwa sababu Roho alimshika anajibiwa na mstari wa 32: “Na roho za manabii huwatii manabii.” Kiongozi wa ibada ana haki ya kumwambia mtu asubiri, na kufanya hivyo si kumzimisha Roho.

Kuhusu unabii, mfano wa Agabo, nabii wa kanisa la kwanza, unafundisha mengi. Katika Matendo 11 alitabiri njaa kubwa. Hakutaja kiasi cha kuchangwa, wala hakukusanya yeye; wanafunzi wenyewe waliazimu kupeleka msaada, kila mtu kwa kadiri alivyofanikiwa, wakautuma kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Katika Matendo 21 aliutwaa mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu, akasema mwenye mshipi huo atafungwa hivyo Yerusalemu. Ndugu walimsihi Paulo asipande. Agabo hakumwamuru lolote, na Paulo alikwenda. Neno lilimwandaa, uamuzi ukabaki kwake. Basi ukiambiwa “Bwana amesema umwoe fulani” au “uuze kiwanja ulete sadaka”, aliyesema amevuka mpaka ambao Agabo hakuuvuka.

Kupima neno kuna hatua zake. Kwanza yaliyomo: yakipingana na Maandiko, yaachwe, hata kama aliyesema ametoa ishara ikatimia. Kumbukumbu la Torati 13:1-3 inazungumzia hasa ishara inayotimia huku mwenye nayo akiwavuta watu mbali na Mungu. Pili matunda ya maisha yake (Mathayo 7:15-20), ambayo huyajui kwa mkutano mmoja wa hadhara. Tatu faida: je, neno linajenga, linafariji na kutia moyo (1 Wakorintho 14:3), au linaacha hofu na utegemezi kwa msemaji? Liandike neno kama lilivyosemwa, kwa tarehe, lipeleke kwa wazee wa kanisa, na usifanye uamuzi mkubwa siku hiyo hiyo. Kuliandika kuna sababu: baada ya miezi michache watu hukumbuka unabii kwa jinsi mambo yalivyotokea, na usiotimia husahaulika kimya kimya. Hata hivyo tusiangukie upande wa pili tukaudharau unabii wote. Paulo anaweka yote mawili pamoja: msitweze unabii, jaribuni mambo yote.

Kwa kuponya, kanuni ni hiyo hiyo. Yesu aliwatuma wakoma kumi wajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14), na chini ya Torati kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kutamka kuwa mtu ni safi. Aliyeombewa aendelee na dawa mpaka vipimo vionyeshe amepona na daktari aseme aache. Uponyaji wa kweli haupungukiwi kitu kwa kupimwa, lakini aliyeacha dawa za kisukari au kifafa kwa sababu alitamkiwa amepona anaweza kupoteza maisha.

Fedha ni kipimo cha zamani kuliko watu wanavyodhani. Didake, mwongozo mfupi wa kanisa la mwanzo ambao wasomi wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, unasema mtume anayepita apokelewe kama Bwana mwenyewe, akae siku moja, au mbili pakiwa na haja. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka achukue mkate tu wa kumfikisha atakapolala, na akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Paulo naye, kwa mchango wa Yerusalemu, alihakikisha wapo ndugu waliochaguliwa na makanisa kusafiri nao, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8:19-21).

Mwenye karama hatambuliwi kwa kujitangaza. Timotheo alishuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio kabla Paulo hajamchukua (Matendo 16:2), na baadaye wazee walimwekea mikono (1 Timotheo 4:14). Paulo huyo huyo akamwonya: “Usimwekee mtu mikono kwa haraka”, kwa sababu dhambi za wengine huonekana mapema na za wengine huwafuata nyuma (1 Timotheo 5:22-24). Kanisa linalotaka kumtuma mtu limpe kwanza kazi ndogo chini ya usimamizi, liwaulize anaoishi nao na waliofanya naye kazi, kisha siku ya kumwekea mikono liandike aende wapi, kwa muda gani, atoe taarifa kwa nani, na ni watu gani wawili au watatu, asiwemo yeye, watakaohesabu sadaka.