Mchawi Asikae Bure Katika Pambano na Adui Mkuu

Kila kundi ninalolisimamia hapa Mombasa katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambapo msimamizi husimulia na dadu huamua matokeo, hufika siku ya kukabiliana na adui mkuu, yule ambaye hadithi nzima imekuwa ikimwelekea, na siku hiyo mtu ninayemtazama kwa makini kuliko wote mezani ni mchezaji wa mchawi. Mpiganaji hanipi wasiwasi, kwa kuwa atapata la kufanya mpaka mwisho. Mchawi ndiye anayeweza kutumia zamu mbili mfululizo bila kubadilisha chochote, kisha akaanza kusema kwa unyonge, "Haya, nimemaliza, mwenzangu aendelee." Nimeyashughulikia mapambano haya kwa muda mrefu, na nimefikia uamuzi mmoja ninaousimamia: adui mkuu asipunguziwe nguvu, bali kila talasimu, yaani kila uchawi anaorushiwa na kuuepuka, imwachie alama.

Tuanze na hesabu, maana kiini cha tatizo kiko hapo. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, joka jekundu lililokomaa lina pointi 256 za uhai na deraya ya 19, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili lilipate. Mpiganaji wa kiwango cha 13 hulishambulia mara tatu katika zamu moja; pigo moja likienda kando, mawili huenda yakaingia, na upanga wake hauishi kwa kutumiwa. Mchawi wa kiwango hichohicho ana nafasi 2 tu za talasimu za daraja la 5 kwa siku nzima, na kila talasimu ya daraja hilo hutumia nafasi moja. Akitoa moja ili aligandishe joka, na ugumu wa talasimu yake ukiwa 18, joka hurusha dadu ya pande 20 na kuongeza 7, kwa hiyo dadu ikitoa 11 au zaidi limenusurika. Hiyo ni nusu kwa nusu, na hata nusu iliyobaki si ya mchawi, kwa sababu joka lina kinga ya magwiji, yaani mara 3 kwa siku, linaposhindwa kujinusuru, linaweza kuamua kwamba limefaulu.

Kanuni hiyo naitetea. Bila kinga, talasimu moja iliyobahatika katika raundi ya kwanza ingemaliza pambano ambalo kundi zima limelingojea kwa miezi, na wenzake wanne wangebaki kutazama. Kasoro yake ni kwamba inafanya kazi kimyakimya. Msimamizi anasema "amenusurika", nafasi imefutwa kwenye karatasi, na duniani mwa mchezo hakuna hata jani lililotikisika. Mchezaji hana njia ya kujua kwamba kwa kweli amesogeza kundi lake hatua moja mbele.

Kwa hiyo nikaivika kinga hiyo umbo linaloonekana. Katika kampeni ya sasa, yaani hadithi tunayoiendeleza kikao baada ya kikao, adui mkuu ni jini anayetawala ngome niliyoichora kwa kufuata Fort Jesus, ile waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, yenye kuta nene, njia ya langoni iliyobanana na upande mmoja unaoikabili bahari. Jini amevaa hirizi tatu mkononi, na wachezaji walisikia habari zake mapema kutoka kwa mfungwa waliyemwokoa. Kila anapotumia kinga, hirizi moja hupasuka na jambo fulani humtoka: ya kwanza ikipasuka hawezi tena kuruka, ya pili ikipasuka deraya yake hushuka kutoka 19 hadi 16, na ya tatu ikipasuka hupoteza vitendo vyake vya nje ya zamu. Baada ya hapo hana kinga yoyote, na kila mtu mezani anajua hivyo.

Dada anayecheza mchawi wetu alirusha talasimu yake kubwa katika raundi ya pili. Jini alishindwa kujinusuru, akatumia kinga, nami nikaeleza jinsi ngozi ya hirizi ilivyochanika, unga mweusi ukamwagika, na miguu ya jini ikagusa sakafu kwa mara ya kwanza tangu waingie ukumbini. Dada akafuta nafasi yake kwa kifutio, na pembeni akaandika "hirizi 1" kwa penseli. Mpiganaji, ambaye mpaka hapo upanga wake haukuwa ukimfikia jini, alikuwa amekwisha kusimama kwenye kiti chake.

Wako wasimamizi wanaolipia kinga kwa majeraha: kila adui anapoitumia, hupoteza pointi kadhaa za uhai. Ni rahisi kuendesha, lakini siipendi sana, kwa sababu inamfanya mchawi kuwa mpiga mishale wa aina nyingine, ilhali aliyechagua kucheza mchawi alitaka kubadilisha hali ya uwanja. Gharama iliyo bora ni ile inayomfungulia mwenzake mlango.

Sambamba na hilo, ngome yenyewe lazima impe mchawi kazi isiyopitia mwilini mwa adui mkuu. Talasimu ya ukuta wa nguvu, ya daraja la 5, haina jaribio la kujinusuru. Ukuta huo ukiwekwa kwenye njia ya langoni, askari kumi wa jini wamebaki nje. Ukungu mzito huwazibia macho wapiga mishale waliopo juu ya kuta. Ndiyo maana sichori ukumbi mtupu wenye kiti cha enzi katikati. Ukuta huo pia huhitaji umakini wa mchawi, yaani hudumu tu maadamu hajakatizwa, naye akijeruhiwa atarusha dadu kuulinda dhidi ya 10 au nusu ya majeraha aliyopata, kutegemea ipi ni kubwa. Hapo wenzake wana sababu ya kumkinga, na zamu za wengine zinakuwa zake pia.

Dalili nazo zitolewe waziwazi. Jini wangu ana mwili wa chuma lakini hufuata kila mtu anayemtukana, na msimamizi akilisema hilo mara mbili mchawi ataelewa kwamba hapaswi kupoteza nafasi akijaribu nguvu za mwili wake, bali ailenge akili yake.

Limebaki suala la kubatilisha, yaani kuizima talasimu ya mwingine wakati anaitoa. Adui anayebatilisha talasimu za mchawi kila raundi humwondoa mezani kabisa, tena, kwa kanuni za 2014, bila yeye mwenyewe kurusha dadu ya kumtia matumaini. Marekebisho ya kanuni ya mwaka 2024 yamelegeza jambo hili: anayebatilishiwa sasa hujaribu kujinusuru kwa ustahimilivu wa mwili wake, na akishindwa, kitendo chake kimepotea lakini nafasi ya talasimu inabaki. Kundi langu limeichukua kanuni hiyo ingawa mengine tunacheza kwa toleo la 2014, na jini wangu hubatilisha mara moja tu katika pambano zima, kwa ishara ya mkono ambayo wachezaji wamekwisha kumwona akiifanya kwenye mkutano wa awali, ili mchawi mwenye busara aanze na talasimu ndogo na kumchokoza aitumie mapema.